Andikeni mgao kabla hamjafungua mashine

Mwaka 2016 tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja, mimi natengeneza biti, mwenzangu anaandika mashairi, wa tatu kinanda hagusi ila ndo analeta wasanii na anajua wimbo upi utapigwa. Wimbo mmoja ukaanza kuingiza hela kidogo, hapohapo tukaanza kuulizana nani kafanya nini, yule wa tatu tukamwona kama hana chake, kundi likafa. Mpaka leo inaniuma.

Baadaye nikaanza kuwafuatilia Mike Stock, Matt Aitken na Pete Waterman, wale watunzi na matayarishaji wa muziki wa Uingereza waliounganika 1984. Kama huwajui, kazi zao unazijua, Never Gonna Give You Up ya Rick Astley ya 1987 ni yao, na Rick mwenyewe alianzia palepale studio kwao London akifanya kazi ndogondogo mpaka kuchemsha chai. Stock maneno na melodi, Aitken gitaa na kinanda, Waterman alikuwa dijei, yaani yeye ni sikio tu, anajua watu wa disko wanataka nini. Na majina ya watunzi kwenye wimbo, yaani wenye mgao? Yote matatu.

Sasa angalia ya mwimbaji Kylie Minogue. Katoka Australia, kakaa London siku kibao anasubiri kuitwa, siku ya kuondoka ndo anatokea studio na hakuna wimbo ulioandaliwa! Stock na Aitken wakamwandikia I Should Be So Lucky kwa kama dakika 40 huku yeye anasubiri, Waterman siku hiyo hata studio hayupo. 1988 ukakaa namba moja Uingereza wiki 5, na jina la Waterman limo, maana walishakubaliana zamani kwaiyo hakuna aliyekaa kuhesabu mistari.

Kuachana waliachana, Aitken aliondoka 1991, Stock 1993, ila ukifungua nyimbo zile majina bado yapo matatu.

Mimi sa hivi kabla sijafungua programu natuma meseji kwenye grupu: jina la wimbo, nani na nani, kila mtu asilimia ngapi, na aliyeleta msanii namhesabu. Kila mtu ajibu "nimekubali", napiga skrinshoti.

Juzi kaja dogo na kiitikio kakirekodi kwenye simu, kitamu kwelikweli, anataka tuanze sasa hivi. Nikamwambia andika kwanza. Akaona namchelewesha, lakini nilimsubiri mpaka akatuma.