Uso wa Kijana, Teke la Babu

Swali: Katika filamu ya The Irishman (2019), mwigizaji Robert De Niro amerudishwa ujana, lakini akimpiga mateke yule mwenye duka namwona mzee kabisa. Kwa nini?

Jibu: Kompyuta ilifuta makunyanzi, haikugusa magoti. Kamera tatu zilifungwa pamoja: ya kati ilirekodi picha yenyewe, mbili za pembeni zilinasa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ili programu ipime umbo la uso bila kumbandika mwigizaji vidoa vya alama usoni. Uso ukakubali. Mwili ukabaki wa mtu aliyevuka 70: tazama mabega yalivyoinama, na mguu unavyonyanyuka kidogo tu, kwa uangalifu. Mwalimu wa mwendo alikuwapo, ila teke halina kipodozi. Mlinganishe na alivyo katika filamu ya Taxi Driver (1976). Hapo hajafika 33.