Uliza Kabla ya Kupuliza

Msimu wa embe umeingia, na barua nyingi nilizopata zinataka dawa tu. Nimechagua chache, nyingine za dawa na nyingine zenye nafuu.

Tuna mwembe uani. Majimoto wamejaa hata watoto hawathubutu kuupanda. Nipulize dawa gani? (Msomaji, Kisauni)

Usipulize. Swali hili hurudi kila msimu na jibu langu ni lile lile, basi leo lisome hadi mwisho kabla hujamtuma mtu dukani.

Kwanza kaa chini utazame kiota cha chungu hawa kinavyoshonwa. Wafanyakazi hushikana viuno wakafanya mnyororo, wakavuta kingo za majani mawili hadi zikutane. Wengine huja na mabuu mdomoni, wakiwapitisha huku na huku kwenye ule mwanya, na hariri inayotoka kwa buu ndiyo inayounganisha majani. Mkubwa hana uzi, mwenye uzi ni mtoto.

Jeshi hilo linawinda. Kuna kunguni wa minazi anayefyonza vidaka hadi vikapukutika. Jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limetokana na Way, Mwingereza aliyechunguza majimoto wa Unguja miaka ya 1950. Mnazi wenye majimoto wengi, kunguni huyo hana raha nao. Tena kuna nzi wa matunda kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Huko Benin imeonekana kwamba miembe yenye majimoto huharibiwa kidogo, na nzi hapendi kutaga kwenye embe walilolipitia.

Sikufichi aibu yao: huwalinda wale wadudu weupe kama unga wanaofyonza utomvu, ili walambe maji yao matamu. Lakini ukiwaua, mti haubaki mtupu. Hupanda sisimizi wa vichwa vikubwa, nao hawaulindi mnazi wala hawakushukuru. Sisimizi hao hao wameingia Laikipia wakawaangamiza chungu walinzi wa migunga. Ndovu wakaivunja migunga isiyo na mlinzi, simba wakakosa pa kuwavizia punda milia, wakageukia nyati. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2024.

Kwa hiyo chuma alfajiri kungali baridi, jipake jivu mikononi na miguuni, tumia upembo. Watoto nao wana miti mingine ya kupanda.

Ni kweli mwarobaini hufukuza wadudu wote? (Changamwe)

La. Ukichanua, simama chini yake usikilize nyuki.

Shikamoo. Nasoma chuo na nataka mradi wangu uwe wadudu wa vilele vya miti. Nitafikaje juu bila mitambo? (Mwanafunzi, Likoni)

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote. Mitambo isikutie unyonge. Ni kweli kwamba Panama walisimamisha winchi ya kujengea maghorofa katikati ya msitu mwaka 1990, watafiti wakawa wanapandishwa hadi juu. Kabla ya hapo, nchini humo humo, mtafiti wa wadudu Terry Erwin alifukiza moshi wa dawa kwenye miti 19 ya aina moja, akakinga chini, akapata aina kama 1,200 za mbawakawa peke yao. Mwaka 1982 akapiga hesabu kwamba nchi za joto huenda zina aina milioni 30 za wadudu na jamaa zao. Wataalamu waliomfuata wameishusha sana hesabu hiyo.

Mimi nina ugomvi na moshi. Unakuonyesha nani alikuwa juu, haukuambii alikuwa akifanya nini. Maiti wa mbawakawa hakuelezi kama alikuwa akila jani au akimwinda mla jani.

Wewe tandika shuka jeupe chini ya tawi, ligonge kwa fimbo, hesabu kilichodondoka, kisha rudi usiku ufanye vivyo hivyo. Linganisha majani ya juani na ya kivulini: ya juani huwa magumu, na mara nyingi huliwa kidogo. Kwa vilele vya minazi mtafute mgema, anayepanda mnazi ule ule asubuhi na jioni. Mlipe kama mtaalamu na jina lake uliandike kwenye ripoti, ukipata ridhaa yake. Nimechoka kusoma ripoti ambazo aliyepanda mti ameitwa "msaidizi".

Chukua kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kwa msitu wa Arabuko-Sokoke waone pia watu wa misitu (KFS) na wa wanyamapori (KWS). Ukienda kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wazee wa kaya kwanza, hata kama mfuko umejaa barua za Nairobi.

Nimepasua kuyu nikakuta vidudu. Ni halali kulila? (Old Town)

La halali muulize shehe wako. La vidudu ni hili: maua ya mkuyu yamo ndani ya kuyu. Nyigu jike mdogo hujipenyeza kwenye kitundu cha nchani, mara nyingi mbawa zikikatikia hapo hapo, akachavusha, akataga, akafia ndani. Madume hayana mbawa. Hujamiiana na majike wapya, hutoboa njia, na majike huruka na chavua. Huishi siku moja au mbili, lakini huko Namibia upepo umewabeba hadi mkuyu wa kilomita 160. Yupo pia nyigu wa pili anayeingia, akataga, asichavushe chochote. Mjini hapa wa namna hiyo tunawajua.

Mililana inakauka matawi hapa Tudor. Ni wadudu?

Huenda. Pwani ya Kenya mlilana, aina ya mkoko, una maadui wawili wanaojulikana, nondo Salagena discata na mbawakawa Bottegia rubra, ambao watoto wao hutoboa matawi yakakauka. Ukiona tundu lenye unga wa mbao, shuku hao. Mti ukifa mzima mzima, tazama maji taka, mafuta na tope, maana kuwasingizia wadudu humwachia mwenye bomba. Anayekuuzia dawa ya kumwaga horini mfukuze. Na yule anayepanda mkoko mara mbili kwa siku kwenda kula majani si mdudu. Ni kaa.

Huyu ni mdudu gani? (Picha imeambatanishwa)

Umemkanyaga kwanza, ndipo ukampiga picha. Siwezi.

Makuti machanga ya mnazi wangu yanatoka yamekatwa kama kwa mkasi. Ni panya? (Mtwapa)

Ni chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe. Hutoboa kileleni usiku akakata kuti lingali limekunjwa, nawe huoni mpaka lifunguke. Mtoe kwa waya wenye ncha ya ndoana. Kisha zunguka nyuma ya nyumba: mabuu yake manene hukulia kwenye samadi na magogo ya minazi yanayooza. Gogo lipasue ulichome, samadi ipindue, mabuu wape kuku.