Upanga, Uchawi na Mipaka Yake: Kwa Anayeanza Kuandika

Wanaoanza kuandika hadithi za upanga na uchawi wengi huanza na ramani. Wanachora falme saba, wanazitafutia wafalme, kisha wanajaza kurasa tatu za historia kabla shujaa hajatokea. Ramani iweke kando. Utanzu huu ulikulia kwenye hadithi fupi: Conan, shujaa aliyebuniwa na mwandishi Mmarekani Robert E. Howard, alitokea mara ya kwanza katika jarida la Weird Tales, Desemba 1932, na visa vyake vingi vyasomeka kwa kikao kimoja. Lenga maneno 4,000 hadi 7,000, wahusika wakuu wawili, siku chache. Shujaa si lazima auokoe ulimwengu. Anataka fedha, au kisasi, au kutoka hai, na haja hiyo imbane tangu ukurasa wa kwanza.

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, jibu hili: nguvu zinaishia wapi? Za shujaa, za adui, za uchawi wenyewe.

Darasa lake tunalo katika Utendi wa Fumo Liyongo, utenzi kuhusu shujaa wa pwani anayewindwa na mfalme, alioutunga Muhamadi Kijuma mwaka 1913. Silaha nyingine hazimwui Liyongo. Kinachomuua ni sindano ya shaba, tena akichomwa kitovuni. Angalia mpaka huo ulivyo mdogo na mahususi, na ulivyozaa kisa kizima. Lazima mtu aijue siri, kwa hiyo mfalme anamtuma mwana wa Liyongo kumhoji babake. Lazima mtoto awe na sababu ya kumsaliti babake, kwa hiyo anaahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Ukiiondoa sindano, usaliti nao unaondoka.

Anavyotoka gerezani, mfalme alikomfunga kabla ya usaliti huo, ndipo penye ufundi zaidi. Mtunzi hakumpa nguvu za kubomoa ukuta. Liyongo anamtumia mama yake ujumbe kwa wimbo, kupitia kijakazi Saada. Mama anaoka mikate, na ule wa wishwa anautia tupa ndani. Walinzi wanakula mizuri, wa wishwa wanamwachia mfungwa. Kisha inachezwa ngoma ya gungu, na kishindo chake kinafunika sauti ya tupa ikikata pingu. Walinzi, chuma, sauti: kila kizuizi kina jibu lake, na kila jibu limeandaliwa kabla ya kuhitajika. Fanya hivyo hivyo kwenye karatasi. Andika vizuizi vitatu, mpe shujaa vitu viwili tu, na usimwongezee cha tatu hata ukikwama. Ukikwama, rudi nyuma ukabadilishe kimojawapo.

Uchawi nao uamulie mambo matatu: unafanya nini, unachukua nini kwa anayeutumia, na hauwezi nini kabisa. Uonyeshe ukifanya kazi ndogo katika theluthi ya kwanza, bei yake ikilipwa mbele ya macho ya msomaji. Kosa linaloua hadithi nyingi ni hirizi inayozuka ukurasa wa mwisho na kummaliza adui. Msomaji anahisi ameibiwa, na ana haki. Kwa maoni yangu uchawi mkubwa ukae mikononi mwa adui, shujaa abaki na mwili na akili. Tena, msomaji wa Kiswahili anajua mganga si mchawi. Ukiwachanganya bila sababu, atakuacha hapo hapo.

Silaha zina mipaka pia. Upanga wa mkono mmoja kwa kawaida ni kilo 1 hadi 1.5, wa mikono miwili 2 hadi 3, kwa hiyo usiandike kwamba shujaa “aliuburura kwa shida”. Kinachomchosha ni kupigana kwenyewe: baada ya dakika chache mkono unalegea, pumzi inakatika, jasho linaingia machoni. Deraya ya pete za chuma hupita kilo 10, na pigo la makali huteleza juu yake; anayemkabili aliyeivaa atafute kwapa, koo au nyuma ya goti, kwa ncha. Jeraha la ukurasa wa tano liume bado ukurasa wa tisa.

Pambano moja litoshe kwa maneno 300 hadi 500. Hapo kiambishi -ka- ndicho injini yako: akainua, akapiga, akakosa. Lakini -ka- zikifuatana sita au saba, kasi inageuka orodha. Ikate kwa -ki- (“akirudi nyuma, kisigino kiligonga jiwe”), au kwa tanakali moja ya sauti, si tatu. Baada ya kila pigo la maana, msomaji ajue nani amesimama wapi na mlango uko upande gani.

Mandhari usiyaazime theluji na ngome za Ulaya kwa mazoea. Charles R. Saunders, Mmarekani, aliiweka riwaya yake ya Imaro (1981) katika bara la kubuni lenye sura ya Afrika, akaliita Nyumbani. Mwandishi wa pwani ana mikoko, magofu ya matumbawe, na jahazi lisiloweza kwenda kusini mpaka kaskazi ivume. Huo nao ni mpaka: shujaa anayewindwa na upepo haujageuka hana pa kukimbilia.

Rasimu ikiisha, ipitie na kalamu ya rangi. Pigia mstari kila mahali shujaa anaponusurika, halafu tafuta sentensi ya awali iliyomwandalia njia hiyo. Isipokuwepo, iandike, angalau kurasa mbili nyuma.