Mawingu Yakitanda, Silali

Shangazi, shikamoo. Naishi Ahero, kaunti ya Kisumu, Kenya. Tangu mafuriko ya 2024, mawingu yakitanda upande wa Nandi moyo hunienda mbio, nakesha nikisikiliza bati. Mume wangu asema ni woga tu. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Si woga wa bure: mvua ya milima ya Nandi ndiyo huujaza mto Nyando, hata Ahero kukiwa kukavu. Lakini usikeshe peke yako. Chama chenu cha akiba kikikutana, kabla ya kuhesabu pesa, kila mmoja aseme kinachomnyima usingizi. Kisha mpangane: nani atapiga simu maji yakipanda, nani atawabeba wazee, vyeti vya watoto vitawekwa wapi. Na mumeo aje. Wanaume wengi huogopa kimyakimya. Usingizi ukizidi kukataa, mwone mshauri kwenye kituo cha afya.