Uliza Kabla Hujalipa: Mwanangu anataka kutulipia chakula cha Disney, tukubali?

SWALI

Dada, salamu kutoka Chikongola, Mtwara. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kijana wetu anaishi Atlanta, Marekani, na mkewe na watoto watatu: wa miaka 11, wa miaka 7 na mdogo wa miaka 2. Mungu akipenda Juni 2026 mimi na mzee wangu tunakwenda kuwaona, na wamepanga kutupeleka Walt Disney World, vile viwanja vya burudani vya kule Florida. Tutalala siku tano katika hoteli ya humo humo ndani, vyumba viwili: wao chao, sisi chetu.

Kila akipiga simu ananiuliza: "Mama, nilipie kifurushi cha chakula au nisilipie?" Anasema akishalipa mapema mimi sitaangalia bei nikakataa kula. Ananijua. Lakini mzee ana kisukari, mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi, na nyumba yetu nzima hatunywi pombe wala hatuli nguruwe. Sitaki mtoto apoteze hela kwa sahani ambazo hatutazila, na sitaki kumvunja moyo. Nimwambie nini?

Bibi wa wajukuu watatu, Chikongola

JIBU

Shikamoo Mama, na hongera kwa safari. Mwambie asilipie. Chumba chenu kabisa asilipie, na chumba chao nina sharti moja nitakalolieleza huko mbele. Ila alilokuambia kuhusu bei ni la kweli na ni la mapenzi, kwa hiyo usimjibu "hapana" tu ukakata simu. Mpe njia nyingine. Ipo.

Kabla sijaanza kuandika ukurasa huu nilikuwa nakaa kwenye hesabu za hoteli huku Mikindani, na bili za wageni wa fulu bodi, yaani waliolipia chumba pamoja na milo yote mitatu, zilikuwa zinapita mikononi mwangu. Mgeni amelipia mlo wa mchana kwa siku zote za kukaa kwake, lakini mchana wenyewe yuko Msimbati ufukweni anakula pweza wa kuchoma na kulipa upya. Jioni anarudi ameshiba, anaomba chai. Chakula chake tulikipika, kilikuwepo, na pesa yake ilishaingia. Hakuna aliyemwibia. Alinunua njaa ambayo hakuwa nayo. Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu kifurushi cha chakula, popote pale duniani, huwa naanza na watu wenyewe: wanakula nini, saa ngapi, kiasi gani. Bei inakuja baadaye.

Sasa tukiangalie cha Disney. Kilisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona kikarudi Januari 2024, na viko vya aina mbili. Cha kwanza ni cha kaunta: kwa kila siku ya kulala, mtu anapata milo miwili ya kuagiza dirishani na kubeba trei mwenyewe, kitafunwa kimoja, na kikombe cha kujaza soda, chai au kahawa hotelini. Cha pili kinampa mlo mmoja wa kaunta na mmoja wa mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa, pamoja na kitafunwa na kikombe. Kiliporudi mwaka 2024, cha kaunta kilikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima na dola 23.83 kwa mtoto, na cha mgahawa dola 94.28 kwa mtu mzima na 29.69 kwa mtoto. Bei zimepanda tangu hapo, kwa hiyo kijana aangalie za mwaka wenu. Mimi nitatumia hizo za 2024, maana hata kwa hizo hesabu inakataa.

Na hapa kuna jambo ambalo huenda mwanao amelipita haraka: mtoto kwao ni wa miaka 3 hadi 9. Yule mjukuu wa miaka 11 analipiwa kama baba yake. Atakula kuku wa kukaanga na chips kwa bei ya mtu mzima, siku tano mfululizo. Mdogo wa miaka 2 halipiwi, anakula kwenye sahani za wakubwa.

Tuje kwako na mzee. Kifurushi cha kaunta kwa nyinyi wawili ni dola 114.02 kwa siku, na kwa siku tano ni dola 570.10. Ukizidisha kwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 1.4 na zaidi. Sasa kaa uifikirie siku yenyewe. Asubuhi mnakunywa chai chumbani na mkate na ndizi alizonunua kijana supamaketi njiani, maana mnakuja na gari kutoka Atlanta na chumba kina friji ndogo. Mchana, sahani moja ya kaunta ni dola 11 hadi 16 hivi, na sahani za kule ni kubwa. Wewe na mzee mnaweza kugawana moja mkaongeza supu. Mtu mzima pia anaruhusiwa kuagiza sahani ya mtoto kwenye kaunta, hakuna atakayekuuliza. Maji ya baridi yenye barafu mnapewa bure kwenye kaunta hizo, ombeni tu. Jioni sahani mbili. Mkila hivyo mnatumia kama dola 55 au 60 kwa wawili, nusu ya kifurushi, na hamjajinyima kitu.

Na kile kikombe cha soda, kwa mzee mwenye sukari, kitamfaa kwa chai tu. Tena kinajazwa kwenye hoteli, ndani ya viwanja vya burudani hakijazwi. Kinywaji ndicho kinachoibeba bei ya kifurushi hiki: kila mlo unakuja na kinywaji, na kwa mwenye miaka 21 na zaidi kinaweza kuwa bia, mvinyo au kokteli. Anayekunywa kokteli kila mlo hesabu yake inaweza kutoka. Nyinyi mtachukua maji, yale yale mnayoweza kupewa bure.

Kuhusu kufunga kwako, kuna jema na kuna gumu. Jema ni kwamba milo haiozi kila siku; yote inawekwa pamoja, unaila kwa mpangilio unaotaka, mpaka saa sita usiku ya siku ya kuondoka. Iliyobaki hapo imekwenda. Kwa hiyo ungefunga Jumatatu usingepoteza siku ile ile, lakini ungejikuta siku ya mwisho unakimbizana na sahani. Gumu ni hili: mwezi Juni jua la Florida linazama baada ya saa mbili usiku. Huku kwetu Mtwara saa kumi na mbili jioni umeshashika tende. Ongeza lile joto na kutembea kutwa nzima. Msafiri ana ruhusa yake, Mama, na hizi ni funga za sunna. Ukiamua kufunga, basi futari yako ipangwe kabla, maana baadhi ya kaunta huwa zinaelekea kufunga wakati huo.

Sharti nililosema kwa chumba cha kijana ni hili. Kila mtu wa miaka 3 na zaidi aliye kwenye chumba hicho lazima alipiwe kifurushi, tena cha aina moja na kwa siku zote; hawezi kumlipia wa miaka 7 peke yake. Ila vyumba vyenu viwili vikikatwa kwa buking mbili tofauti, chao kinaweza kuwa na kifurushi na chenu kisiwe nacho. Amwambie wakala hivyo tangu mwanzo.

Je, kwao kinalipa? Kinalipa kama wanataka kila jioni kwenda kwenye zile bufee ambazo Mickey, yule panya wa katuni, na wenzake wanapita mezani kupiga picha na watoto. Bufee hizo ni zaidi ya dola 60 kwa mtu mzima na zaidi ya 40 kwa mtoto. Wa miaka 7 anayelipiwa dola 29.69 kwa siku anakula mlo wa dola 40, kabla hujahesabu kaunta na kitafunwa. Kwake ni faida tupu. Kwa wale watatu wanaolipa bei ya wakubwa, hata kwa bufee kubwa ni sare tu. Wakienda migahawa ya kawaida wanapoteza kila siku. Tena kwa safari za 2026 Disney walitangaza kifurushi bure kwa watoto wa miaka 3 hadi 9 kama wakubwa wa chumba wamenunua chao. Mwanao aangalie kama tarehe zenu zimo, lakini asisahau kwamba ili sahani moja ya mtoto iwe bure, watu watatu wananunua za bei ya wakubwa.

Na tipu haimo. Wakila wote wanne wanaolipiwa bufee ya jumla ya dola 226 mezani, asilimia 18 ni dola 40 na senti, na hiyo inatoka mfukoni kila jioni, kifurushi au hakuna. Kwenye kaunta hakuna tipu. Ile migahawa ya sifa, kama ule ulio ndani ya kasri ya Cinderella, inakata milo miwili kwa mara moja, na wengi wanagundua hilo wakiwa wameshavaa nguo za kutokea.

Mimi ningekuwa binti yako ningewapangia jioni mbili tu za kulipa taslimu, zilizobaki kaunta. Moja iwe ya Mickey kwa ajili ya wajukuu. Nyingine iwe Boma, bufee ya vyakula vya Afrika iliyo kwenye hoteli yao ya Animal Kingdom Lodge, ambako twiga na pundamilia wanazunguka nje ya madirisha ya vyumba. Mzee ataipenda kwa supu zake na nyama za kuchoma, anachukua kidogo kidogo anavyotaka. Ila shika hili: meza ya vitamu pale ina vijikeki vyeupe vyenye mistari ya chokoleti kama pundamilia, vinapendwa mno na watoto, na ndani yake kuna Amarula, ambayo ni pombe. Nyama ya nguruwe nayo inaweza kuwepo mezani. Mkifika tu mwombeni mpishi atoke awapitishe bufee nzima sahani kwa sahani. Kule ni jambo la kawaida, wala si usumbufu. Kuhusu nyama halali, kijana aandike ombi mapema wakati anaweka nafasi, asisubiri mlangoni. Nafasi za migahawa zinafunguliwa siku 60 kabla, na za Mickey zinajaa haraka.

Sasa lile la kuangalia bei. Hili ndilo lenye uzito, kwa sababu nakuamini kabisa kwamba utasoma "dola 15" ukaizidisha kwa shilingi, ukasema hujisikii njaa. Akina mama zetu wote wako hivyo, na mtoto anaumia kukuona umekaa na chupa ya maji wakati wenzako wanakula. Mwambie anunue kadi ya zawadi ya Disney, aijaze dola 400, akupe mkononi siku ya kwanza. Hela imeshatoka kwake, hairudi, kazi yako ni kula nayo. Unaitoa dirishani unachukua trei yako. Tofauti yake na kifurushi ni kwamba haina saa sita usiku: kadi haiishi muda, kikibaki kitu mnamnunulia mjukuu kofia yenye masikio, au anakaa nayo mpaka safari nyingine. Na ni dola 170 pungufu ya kile alichotaka kulipa.

Ubebe na korosho zako za kukaanga. Chakula cha kwenu kinaruhusiwa kuingia viwanja vya Disney, bora kisiwe kwenye chupa za kioo, na korosho chache zitamfaa mzee akisikia njaa kwenye foleni. Ukifika uwanja wa ndege Marekani zitamke kwa maofisa wa forodha, usifiche. Ming'oko mibichi iache nyumbani hata kama mjukuu ameililia kwenye simu. Mizizi yenye udongo hawaipitishi.

SWALI

Dada, tunafunga ndoa mwezi wa tisa na tumepata hoteli Nungwi, Zanzibar, siku nne. Wanatuuliza kitanda na chai, hafu bodi au fulu bodi. Mchumba anataka fulu bodi ili tusihangaike.

Bwana harusi mtarajiwa, Mitandi, Lindi

JIBU

Hafu bodi, kaka, yaani chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Maharusi hawaamki mapema, chai yenu itakuwa saa nne, na saa saba hakuna atakayekuwa na njaa. Fulu bodi mtailipia mkiwa baharini.

Siku moja mtataka kwenda Mji Mkongwe, na ukifika huko hutarudi Nungwi bila kula Forodhani jioni. Kwa hiyo ulizeni kama chakula cha usiku wa siku hiyo wanaweza kukihamishia mchana wa siku nyingine. Hoteli nyingi hukubali ukisema siku moja kabla, na hukataa ukisema jioni ile ile.

Ulizeni pia kuhusu vinywaji. Hafu bodi kwa kawaida ni chakula tu. Maji ya mezani, soda na juisi vinaandikwa pembeni, na ndivyo vinavyofanya bili ya kuondoka iwe ndefu. Nunueni katoni ya maji dukani kijijini siku mnayofika.