Land Rover ya jeshi inayokula betri

Kaka wa Kirumba, pole sana. Umesema Land Rover yako ya zamani ya jeshi, ya volti 24, ikilala siku mbili haiwaki, na umebadilisha betri moja mara mbili ndani ya mwaka. Hiyo moja ndiyo inanipa wasiwasi.

Betri zako mbili za volti 12 zimefungwa kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ndiyo unapata 24. Je, aliyekufungia redio alichukua umeme kwenye betri moja tu? Mafundi wengi hufanya hivyo, nami nakataa kabisa. Betri hiyo inaisha haraka, mwenzake anachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa. Redio iwekee kipunguza volti cha 24 kwenda 12. Na betri nunua mbili kwa pamoja, aina moja, umri mmoja.

Kabla ya kununua, pima kila moja gari likiwa limelala usiku kucha. Nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6. Washa injini, pima zote pamoja: ikibaki 25 na kidogo, alternata, ile mashine ya kuchaji inayozungushwa na injini, haichaji, inatakiwa ifike karibu 28.

Halafu fungua waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na mwili wa gari, pale unaposhika chasisi. Mwezi uliopita nilifungua mmoja hapa Nyakato: juu rangi safi, chini ya boliti kutu laini kama unga wa muhogo. Piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Ukianza kufungua betri, anza na hasi.

Leta majibu ya vipimo, tuendelee.