Jibu: namba mbili zenye jumla T, bila lupu ndani ya lupu

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya kutafuta kwenye orodha namba mbili ambazo jumla yake ni T inajibu sawa kwa orodha ya namba 10 lakini inakwama ukiipa orodha ya namba 100,000. Mantiki yako ni sahihi kabisa. Shida ni lupu (maagizo yanayorudiwa-rudiwa) iliyo ndani ya lupu: kwa namba 100,000 inaweza kulazimika kukagua jozi karibu bilioni 5.

Pita kwenye orodha mara moja tu, huku ukiweka kwenye seti (mkusanyiko unaokuwezesha kujua haraka kama kitu kimo) kila namba uliyokwisha kuiona. Ukifika kwenye x, uliza kama T − x imo tayari. Chukua [8, 3, 11, 4], T ikiwa 7. Kwa 8 unatafuta −1, haimo. Kwa 3 unatafuta 4, bado haimo. Kwa 11 unatafuta −4, haimo. Kwa 4 unatafuta 3, hiyo imo!

Tafadhali kuwa makini hapa, wengi huteleza: kagua kwanza, ndipo uiweke x kwenye seti. Ukianza kuiweka, T ikiwa 6 na orodha ina 3 moja tu, hiyo 3 itajumlishwa na nafsi yake.

Ukitakiwa kutoa nafasi za namba hizo kwenye orodha, tumia kamusi (mkusanyiko unaounganisha kila ufunguo na thamani yake) badala ya seti: namba iwe ufunguo, nafasi iwe thamani.